Mkato Ulioandikwa kwa Wino Mwekundu

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu ulipotuacha, na nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Siku hizi nakula nikiwa nimesimama.

Kwa miaka ishirini na sita ulizalisha kina mama kwa upasuaji. Mkasi hukuupenda. Ulikata kidogo kwa kisu, mkato wa mlalo, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, kisha ukaupanua kwa vidole taratibu ili mama asipoteze damu nyingi. Mimi fundi cherehani nilikutania, "Fundi gani anachana kwa mkono?" Ukanijibu, "Kwani kitambaa chako kina damu, mume wangu?" Ulikuwa na mdomo, wewe.

Wauguzi walikuita Mama Kalamu, maana hakuna mzazi aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla hujamwandikia kadi, kwa wino mwekundu, jinsi ulivyompasua. Kovu la ngozini, ulisema, halionyeshi la ndani. Nami nilinuna kwamba unachelewa kurudi. Nisamehe.

Jumapili moja mchana, mama mjamzito alibisha hodi, amejishika kiuno.

"Shikamoo, baba. Daktari yupo?"

Hakuwa na habari ya msiba. Hospitali walikuwa wameangalia kovu lake la nje, la mlalo, wakamwambia atazaa mwenyewe, arudi uchungu ukikolea. Kadi alikuwa ameisahau nyumbani. Alipita kuichukua, ndipo akaja kwetu akuulize mwenyewe. Nikaisoma. "Mkato wa ndani ni wa wima, juu. Mtoto alikuwa njiti, amelala kwa kukingama. ASISUBIRI UCHUNGU. Mfuko utachanika."

"Hayupo, mwanangu," nilimwambia. "Twende mimi na wewe."

Daktari wa zamu aliisoma kadi mara mbili, kisha akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe haraka. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Hatimaye muuguzi akatoka: mtoto wa kike, kilo tatu, na mama mzima. Kovu la ndani walilikuta limebaki jembamba kama karatasi.

Nilirudi nyumbani mbio mbio nikupe habari. Nilifungua mlango, nikaita, "Mama Kalamu, wazima wote wawili!" Kisha nikabaki nimesimama pale, funguo mkononi.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili walio mbali, dada yako mkubwa, na wauguzi wa wodi ya wazazi. Hatutakusahau maisha yetu yote.