Jina la Baba Mkwe Mara Kumi na Nne

At-Bashy, 12 Oktoba

Dada yangu Seyil,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mmoja unaandika, mwingine unamzuia Bektur asile karatasi. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji na watoto wazima? Sisi hatujambo, ila usingizi umehama nyumba hii tangu magego ya mtoto yaanze kuota.

Uliniuliza kama nimeshapata cheti cha ualimu. Ngoja nikusimulie. Insha yangu ya mwisho ilihusu hotuba za karamu, nikachagua ile ya baba mkwe siku tulipomkata Bektur kamba ya miguu, ile anayofungwa mtoto akianza kutembea ikakatwa ili asijikwae maishani. Mwalimu Venera akanirudishia imejaa wino mwekundu. Alisema hotuba hainukuliwi hivi hivi: kwanza jina la msemaji, kisha kichwa cha hotuba, shughuli yenyewe, mahali na tarehe. Mimi kila nilipomnukuu niliandika “Mwenye Nyumba”. Akaniuliza mwenye nyumba gani, huyu anayedai kodi? Nikamweleza kwamba mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Hata kwako hapa siliandiki. Akasema naye ni mkamwana wa watu, lakini bila jina hakuna cheti, na darasa la tatu nililoahidiwa kufundisha atapewa mwingine.

Basi nikaandika “msemaji hajulikani”. Hapo ndipo nilipoharibu, Dada! Baba mkwe alivaa miwani akaisoma insha, akafoka mpaka kuku wakakimbia uani. Nani hajulikani? Kachinja kondoo watano, kasimama saa nzima mbele ya watu mia mbili, leo mkamwana wake mwenyewe hamjui! Nikamwambia kwa adabu kwamba jina lake silitaji, na cheti pia sikiachi. Akaninyang'anya kalamu, akajiandika mwenyewe mahali pote kumi na nne, na kwenye orodha ya marejeo akajiongezea “fundi trekta mstaafu”.

Siku ya kuitetea insha ilinibidi niisome kwa sauti mbele ya walimu. Kila nilipofika penye jina nikanyamaza, na baba mkwe, kule kiti cha nyuma, akasimama na kulitangaza kama anayeitwa kupokea nishani. Kufika mara ya sita walimu walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Mama mkwe, Bektur mapajani, alikuwa akimvuta koti na kumwambia, “Kaa chini, mzee, umetumalizia aibu yote!” Wakanipitisha. Walisifu hasa maneno haya: “Sisi tunamkata kamba leo tu, mama yake ataikata kila siku, hata siku ambayo moyo wake hautaki.”

Sasa nikwambie linalonikaba. Baba mkwe hakuyasema maneno hayo. Yeye alizungumzia trekta. Aliyeyasema ni mama mkwe, jikoni, tukiosha matumbo ya kondoo, mimi nikilia kwa uchovu. Yaliniingia moyoni, nikayatia kinywani mwa mumewe, maana nani angekubali hotuba ya jikoni? Na baba mkwe alipoyasoma alitabasamu akasema, kumbe siku ile nilisema vizuri hivi!

Sikuweza kukipokea cheti namna hiyo. Nilimweleza Mwalimu Venera ukweli, akanipa hadi Jumatatu nirekebishe. Leo asubuhi nikamketisha mama mkwe nikampa kalamu. Akagoma, akasema nimepata kichaa, yeye hajawahi kuhutubia hata mbuzi. Nikamwambia, Mama, bila jina lako naifuta sentensi hiyo, na itabaki trekta tupu. Akaliandika herufi moja moja, akauliza kama ni lazima mahali paandikwe “jikoni”. Nikamwambia ni lazima.

Kisha nikaenda kwa baba mkwe, nikamwambia yote. Alivua miwani akaifuta kwa shati. Halafu akauliza yeye amebakiwa na ngapi. Nikasema kumi na tatu. Akasema haya, apewe huyo mama yenu hiyo moja. Hotuba za mkewe yeye amezisikiliza peke yake miaka thelathini na minne ya ndoa, sasa apate watu wa kumsaidia.

Bektur ameshaishika karatasi, naishia hapa. Wabusu watoto wote, na shemeji mwambie namsalimu sana. Uutunze mgongo huo, usibebe maji.

Mdogo wako akupendaye,
Zuura