Funda Nililokataa Kutia Mdomoni

Mpendwa Baba,

Nianze na habari njema, maana wewe unanijua, sianzi na mbaya. Voi nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Wenzangu wa kile kikundi chetu cha walioacha pombe, kila Alhamisi wanakaa kwenye ukumbi wa kanisa wakisimulia vile hamu inavyowatafuna. Mimi nawasikiliza kwa huruma tu. Yangu ilinitoka siku moja kama jino bovu, na huu mwaka wa tatu haijanitembelea. Mlango wa kilabu naupita kama ng'ombe anavyopita mlango wa benki.

Kuongea sijaacha. Mtu aliyeendesha lori kutoka Mombasa mpaka Kigali, na shule akaiachia darasa la sita, asipoongea atakula nini? Juzi niliwaambia jamaa wa gereji kwamba Kifaransa nakijua. Wakasema, haya, kiseme. Nikakisema. Uzuri ni kwamba pale hapakuwa na anayekijua.

Lakini nikinyamaza, Baba, narudi kwetu Mwanda, huko mlimani. Nakuona shambani na lile koti lako la baridi, ukikata miwa na kuionja. Ukiukuta mtamu unakunja uso: "Huu mbaya, chukua wewe." Ukiukuta chapwa unautafuna mwenyewe mpaka kwenye fundo la mwisho. Nilikula miwa yako mibaya miaka mingi sana kabla sijaelewa.

Halafu naikumbuka siku ya Mama. Ulinikabidhi mimi nimpandishe kutoka mochari ya Voi, ukawaambia watu barabara ya kwetu hakuna anayeijua kunishinda. Nikasimama Mwatate dakika kumi. Zikawa saa nne. Mama juani ndani ya gari, mimi ndani ya kilabu nikiwachekesha watu wasionijua hata jina. Huko juu mlisimama kando ya kaburi lililo wazi mpaka ukungu ukawafunika. Nilipofika hukupiga kelele. Ulishika jeneza upande wako, na hukunitazama. Kuhusu siku hiyo sina mzaha wowote, nimeutafuta.

Niliacha pombe mwaka uliofuata. Nikiwa na miezi minane bila tone, ukaniita nyumbani tufanye kutasa, tuitoe ile hasira kama wazee wetu walivyokuwa wakiitoa: unatia funda la mbangara, pombe yetu ya miwa, mdomoni, unalipuliza chini, unaitaja hasira kwa jina na kuiambia iende. Ukatangulia kunipa kata. Harufu yake ilinifika kabla mkono wako haujafika.

"Funda moja tu. Si kunywa, ni kutema."

"Baba, mdomo wangu haujui kutema."

"Mdomo unaobwata mpaka Kigali unashindwa na funda?"

Wazee walicheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaiweka kata chini, nikasema siwezi. Wewe ukaitazama ile kata, ukasema, "Basi hasira yangu itakaa na mimi." Nikashuka Voi na gari la mboga. Wewe ukaondoka duniani msimu wa baridi, kabla sijapanda tena.

Sasa Wakesho, dada yangu, amenipigia. Anasema Jumamosi ukoo unakutana kwako, na wazee wanataka nitase kwenye kaburi lako, nijisemee na nikusemee. Mbangara imeshapikwa. "Weka tu mdomoni uteme, kaka," akaniambia, "kwani ni sumu?" Kwake si sumu. Wakesho akitema, inatoka.

Nitakuja, Baba. Nitabeba maji kwenye chupa yangu, nipulize hayo mbele ya kila mtu, niitaje siku ya Mama, Mwatate na zile saa nne. Wazee wakisema maji hayahesabiki, nitawaaga kwa heshima, nitashuka, na hasira yako nitaibeba nikiwa mzima. Afadhali unikasirikie ukijua niko wapi. Ila ningetoa lori na mdomo wangu wote nikusikie wewe mwenyewe ukiiambia iende. Hata kwa sauti ya chini. Hata ukiwa hunitazami.

Pumzika kando ya Mama, na umwambie nimefika, ingawa nilichelewa.

Na ile bahati niliyojisifia mwanzo ni uongo. Hamu haikunitoka hata siku moja. Ninayo sasa hivi nikikuandikia, na Jumamosi naiogopa.

Mimi mwanao wa pili