Kiwanja Safi, Afande

Afande,

Tumekuzika hapa Mwese kama ulivyotaka, mwisho wa kiwanja chako cha ndege. Binti yako alituma wasifu wako kutoka Uingereza, kurasa tatu, na kamati ya mazishi ikanipa mimi niusome makaburini kwa kuwa ndimi niliyekitunza kiwanja miaka yote.

Nikasoma. Ulivyoingia jeshi la anga ukiwa kijana, ukarusha ndege za vita, ukapanda vyeo hadi ujenerali. Mimi nilijua tu kwamba hunywi chai isiyo na tangawizi. Mwisho kabisa wameandika: "Baada ya kustaafu aliishi Afrika." Basi! Na kina mama wote wa zahanati yetu uliowawahisha kwa ndege hospitali ya Mpanda kujifungua, barabara ikiwa imekatika? Nilikasirika, Afande. Mpaka sasa nina hasira.

Halafu nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Jenerali gani? Si ndiye aliyevunja ndege hapa, macho yameshakwisha?"

Ulinifundisha kwamba kabla hujatua, kiwanja kikaguliwe kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. "Tembea, Neema. Pikipiki haioni." Siku ile nilichelewa shambani, nikakipitia kwa pikipiki, nikakupigia simu: "Kiwanja safi, Afande." Shimo lililochimbwa usiku na mnyama muhanga sikuliona. Gurudumu la mbele likazama humo. Ulishuka damu ikikutiririka usoni, watu wamejaa, ukasema, "Nimetua vibaya." Ukanyang'anywa leseni. Miaka minne ukakaa barazani unatazama juu, na mimi ninakupikia chai, nimenyamaza. Nisamehe.

Basi pale makaburini nikazikunja zile karatasi. Mwenyekiti wa kamati akanitolea macho, baba mdogo akanivuta kanga nikae. Sikukaa. "Jamani, Afande hakutua vibaya. Sikukagua kiwanja. Kosa ni langu, na yeye alilibeba."

Sasa wengine hawanisalimii. Wasinisalimie! Baba mdogo anasema nimeuaibisha ukoo, tena kiwanja kilimwe mahindi. Nimemwambia alete jembe lake tuone. Zahanati imepata rubani mwingine, anakuja leo.

Asubuhi nimekitembea chote kwa miguu, nimefukia mashimo mawili. Nitakitembea kila ndege ikija, hata nikizeeka, hata kwa mkongojo.

Lala, baba yangu. Kiwanja safi, Afande. Safari hii ni kweli.

Neema