Mende kwenye Blanketi la Mutya

Jumatatu, 3 Juni

"Mtoto mgonjwa hajui anachotaka." Maneno ya Manang Perpetua, mwenyekiti wa chama chetu cha kudarizi, mbele ya wanawake wote na sinia la mikate. Uongo! Asiyejua anachotaka ni mtu mzima – ananunua viatu vinavyombana, anampigia kura mwizi yule yule. Mtoto anajua. Mutya ana miaka tisa, ana saratani ya damu, na Jumatatu ijayo asubuhi anapandishwa ndege kwenda Manila kwa matibabu. Chama kilimwuliza: tukudarizie nini kwenye blanketi lako la viraka? Akajibu: mende.

Mende! Nilicheka hadi nikamwaga kahawa.

Perpetua anataka malaika. Kila mwanachama kiraka chake, kila kiraka malaika wake, wote wa waridi. "Na wewe, Inday, usianze kuhutubia. Hapa si gazetini kwako." Nina miaka hamsini na tatu, mimi namwita Manang, dada mkubwa, naye bado ananiita Inday, binti, kama msichana wa kutumwa chumvi dukani.

Nilihutubia.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda hospitali kumwuliza mwenyewe. Kichwa hakina unywele hata mmoja, mdomo umejaa biskuti. Kwa nini mende?

"Kwa sababu, Shangazi, ukimkata kichwa anaendelea kutembea. Siku nyingi!"

Na malaika je?

Akafikiri. "Si wameshakufa wale?"

Kwa mambo ya dini amekosea. Kwa mengine yote hana mpinzani. Mama yake aligeukia dirisha. Mimi nikajifanya napiga chafya.

Alhamisi, 6 Juni

Tumeshinda! Nimewasimulia maneno ya Mutya, mikono ikapanda. Hata Filomena, anayemwogopa Perpetua kuliko kiyama, alinyoosha wake – nusu, lakini alinyoosha.

Tatizo: kitambaa. Kile chenye vitundu, cha kudarizia mishono midogo ya msalaba, hakipo dukani, na cha kuagiza kitachelewa. Ndipo Rosenda akanong'ona: "Mimi ninacho. Kabatini." Kila mtu anatazama kucha zake. Kwani nani hapa Iloilo hana kabatini ile picha ya Bwana na mitume mezani, aliyoianza enzi zile kila nyumba ikishona misalaba, akachoka kwenye mtume wa tatu? Yangu ina mkate na mguu mmoja wa Yuda. Basi!

"Tukate sehemu zilizobaki tupu," nikasema.

Perpetua akajipiga ishara ya msalaba. "Mkate meza ya Bwana, mshone mende?"

"Manang, meza ile ilikaliwa na wavuvi, mtoza ushuru na msaliti. Mende ndiye atakayekuwa na adabu."

Rosenda alishika mbavu. Perpetua hakucheka. Kiraka cha katikati ni cha mwenyekiti, ndiyo desturi yetu. "Changu kitakuwa na malaika," akasema, akachukua mwavuli wake, akaondoka.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua kutwa. Sote, kasoro Perpetua, sebuleni kwa Rosenda, tunashona na kupiga kelele. Raha iliyoje!

Sheria ya misalaba: uzi wa juu ulalie upande mmoja kila mahali, la sivyo mwanga unakuumbua. Filomena hutumia mkono wa kushoto. Misalaba yake yote imelala kinyume na yetu, na mende wake anang'aa kana kwamba katoka jikoni sasa hivi. Tumemwonea wivu. "Na mimi nimeonewa miaka yote nikiambiwa nakosea!" akasema. Mwambie Perpetua, Filomena! Mwambie!

Wangu ana Yuda kwenye kona. Sikuufumua mguu ule. Mende anautekenya.

Jumapili, 9 Juni

Blanketi limeunganishwa. Zuri mno! Ila katikati kuna tundu, na ndege ni kesho.

Perpetua hakuja misani. Yeye, ambaye hata kimbunga hakijamzuia! Nikaandaa hotuba kali, yenye wanafalsafa wawili na nabii Yona, nikaenda kwake. Mbwa akabweka. Pazia likasogea. Lango halikufunguliwa. Kisha ujumbe kwenye simu:

"Inday. Mende ana miguu mingapi?"

Nimeruka juu. Mbwa naye karuka.

Sita, Manang! Sita!

"Nimeshona minane. Nafumua. Uzi wa kahawia umeniishia."

Hapo simu yangu ikazima. Hotuba nzima imeniharibikia mdomoni, na sijawahi kufurahi hivi. Siondoki langoni – nikigeuka tu atarudi kwa malaika. Mama muuza mikate anaelekea kanisani. Nusu hii ya ukurasa wa daftari naichana, nampa awapelekee wenzangu.

Rosenda! Filomena! Ninyi nyote mliobaki ukumbini mwa kanisa mkila wali: mwenye uzi wa kahawia, hata kipande cha shibiri moja, aulete kwa Perpetua sasa hivi. Aupitishe chini ya lango. Na asicheke mtu.