Kisu cha Kukunja kwa Mchinjaji wa Mzenga

Mzenga, Kisarawe.
14 Septemba 2025.

Mpendwa mpwa wangu Latifu,

Assalaam alaykum. Hamjambo huko Karatu? Baridi imewaachia? Sisi wazima. Mke wangu Mwanamkuu alishikwa na kikohozi, kimekwisha. Mimi siumwi kitu. Wa rika langu hapa wanatembelea mikongojo, mimi natembelea miguu.

Muhogo umekubali. Mvua bado.

Sasa lile la kisu. Ulisema watalii wenu wanaolala kwenye mahema hutembea na visu vyepesi vya kukunja, na utaniletea kimoja. Nilikucheka. Nilisema kisu kinachojikunja ni kama mtu anayepiga magoti kabla ya ugomvi. Sasa nakitaka.

Mwezi uliopita pikipiki ilimgonga mbuzi wa jirani yangu Salumu, karibu na shamba langu. Mchinjaji wa hapa ni mimi tangu hujazaliwa, na nyama yangu haijawahi kutiwa kasoro. Lakini siku hiyo nilikuwa na jembe tu, kisu kiko nyumbani. Mbuzi anatupa miguu. Akifa hivyo ni kibudu, wa kufukiwa.

Dada yako Mwanakheri alikuwa pale anamenya muhogo. Akamgeuza mbuzi kibla, akapiga bismillahi, akachinja kwa kisu chake cha jikoni. Hakurudia mkato. Ni binti yangu yule.

Salumu akaja mbio. "Mzee Kitwana, amechinja mwanamke? Nani ataila nyama hii?"

"Mimi. Wewe kale mchicha."

"Lakini mzee, desturi..."

"Dini haikukataza. Kama hujui, uliza tunaojua."

Nikaomba ini, likachomwa palepale, nikala mbele ya watu. Wakala wote isipokuwa Salumu. Wanawe walikula, hawakungoja ruhusa yake.

Nilipokwenda Kibaha kumwona Zaidi, yule mwanangu wa kiwandani Zegereni, nikapita duka moja la Kongowe. Muuzaji, jina lake Silvanus, akanitolea visu. Kimoja kina mpini wa mbao, kizuri, lakini nilipokitia mfukoni kanzu ikavutwa upande kama nimebeba tofali. Kingine chepesi, ila hakina cha kukizuia; ukikandamiza kinarudi kwenye vidole. Kingine kina meno kama msumeno. Hicho cha kukatia kamba, ukichinjia unamtesa mnyama. Cha mwisho kilikuwa sawa, lakini hufunguliwa kwa ukucha, na dole gumba langu halikukifungua. Si uzee. Springi ilikuwa ngumu.

"Tumia mikono miwili, mzee," akaniambia.

"Na mbuzi nimshike kwa meno?"

Akacheka. Sikununua.

Basi tafuta hivi. Bapa lisipungue vidole vinne, makali yamenyooka, chuma kisichoshika kutu. Mpini mwepesi, usioteleza ukiingia damu. Kifunguke kwa mkono mmoja, kwa kusukuma na dole gumba, na kikifunguka kikae imara. Kisiwe na vipembe vingi ndani, damu ikiganda humo kitanuka.

Na usikipime kwa mkono wako. Mpe mkeo Faudhia akishike, akifungue, akifunge. Kikimkaa yeye, ndicho. Mimi ninacho changu, na ng'ombe wa Idi bado namchinja mimi, asije mtu akasema nimestaafu. Lakini mnyama hachagui siku ya kugongwa, na mkono wangu wa kulia siku hizi hukawia kuamka. Hiki ni cha Mwanakheri, akifunge kwenye pindo la khanga atembee nacho. Nimewatangazia watu baada ya swala ya Ijumaa: nisipokuwepo, anachinja yeye. Wapo walioguna.

Juzi Salumu kaja na jogoo. Mimi niko barazani, kisu nimekinoa. Akaniamkia vizuri.

"Lete nimchinje," nikamwambia.

"Usisumbuke, mzee wangu. Mwanakheri yupo?"

Nikamwonyesha jikoni, nikaendelea na kahawa yangu.

Nisalimie Faudhia na wanao, na dada yangu Mwamini ukimpigia simu. Mwanamkuu na Mwanakheri wanakusalimu. Mungu awape riziki ya halali na barabara ya salama.

Mimi mjomba wako akupendaye,
Kitwana.