Laini ya wifi, unga wangu

Alhamisi. Babati imeamka na ukungu, mlima Kwaraa wote umejifunika, na mimi nimeamka na kifua kizito kama mtu aliyelala na gunia juu yake. Nimechemsha chai, nimesahau kuinywa.

Naandika kwa sababu nikiongea nitalia, na mwanangu Glory akiniona nalia anaacha kula.

Mnaonisoma hapa ni wachache na wengi mko mbali, lakini mnajua nasaga unga wa lishe wa watoto: mahindi, ulezi, soya, mchele na karanga. Elimu yangu niliishia darasa la tano. Mitandao nimejifunza kidogo kidogo, kama mgeni anavyojifunza njia za mji. Asubuhi naweka picha wasapu, maana mama akiwa jikoni ndipo anakumbuka unga umeisha. Mchana fesibuku, watu wa maofisini wakiwa wanakula. Jioni insta, na kavideo ka karanga zinakaangwa naweka tiktok. Wa fesibuku wanauliza bei wanaondoka. Wa insta wanasifia. Wanaonunua ni wa wasapu, na hao siwaandikii, nawatumia sauti, kwa sababu mkono wangu ni mzito ila mdomo ni mwepesi.

Kote huko nilitumia namba moja. Na namba yenyewe haikuwa yangu.

Nilipoanza sikuwa na kitambulisho cha taifa. Nilizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Wifi yangu Upendo, dada wa mume wangu, akaweka kidole chake na laini ikasajiliwa kwa jina lake. Nilimshukuru mpaka nikamchinjia kuku. Kitambulisho kilipotoka nikawa nasema nitabadilisha, nitabadilisha. Nikaona aibu. Ingekuwa kama namwambia simwamini.

Jumatatu simu ikakata mtandao. Nikaipeleka kwa fundi karibu na stendi, nikidhani imeingia maji. Akaiangalia, akaniangalia na mimi.

"Mama, simu ni nzima. Mwenye laini ameirudisha kwenye kadi mpya. Ni nani yako?"

Nikacheka. Nikasema haiwezekani, ni wifi yangu.

Mpaka jioni kurasa zote zilikuwa zimenifungia mlango. Ukibadilisha neno la siri, namba za kuingilia zinatumwa kwenye laini, na laini anayo yeye. Nimeangalia kwa simu ya jirani: jina la biashara lile lile, picha ya Glory na uji mdomoni iko pale pale juu. Unga ndio wa kwake. Kilichobaki kwangu ni hii blogu, nadhani kwa kuwa haiuzi kitu.

Nikampigia kwa simu ya mume wangu.

"Wifi, punguza presha," akaniambia. "Jina langu, kidole changu. Kwani nimekuibia sufuria? Saga wako, na mimi nisage wangu. Mji huu watoto ni wengi."

Nikabaki nasema wifi, wifi, mpaka akakata.

Hilo ningelimeza. Ukweni nimemeza mengi.

Jana Mama Junior, mteja wangu wa Singe, akaja na bodaboda, mtoto mgongoni na nusu pakiti mkononi. "Mama Glory, safari hii umetusagia nini? Junior anautema, na jana katapika."

Nikaonja ule unga. Mchungu. Uchungu huo naujua. Nesi wa kliniki alinifundisha kwamba karanga zikishika ukungu zina sumu, na hata ukizikaanga haitoki. Ndiyo maana nachambua moja moja kwenye mkeka. Na aliyekuwa anakaa na mimi kwenye mkeka huo, akilalamika kwamba natupa chakula, ni Upendo huyo huyo.

Mimi si daktari. Sijui kama Junior katapika kwa ajili ya unga. Nilimwambia mama yake ampeleke hospitali, akampeleka, na leo mtoto anaendelea vizuri. Nilimwambia pia kwamba unga ule si wangu, nikaona hajaniamini. Picha ya mwanangu iko pale. Ningekuwa yeye, ningeamini?

Nikamweleza Baba Glory. Alisikiliza akifunga viatu.

"Mama Glory, usimwage mtama penye kuku wengi. Jumapili tutakaa kikao kwa mama, tutayamaliza kifamilia."

Nikamuuliza, umejua tangu lini? Akainama akafunga kiatu alichokwisha kukifunga.

Alijua.

Tangu wiki iliyopita dada yake alimwambia, na yeye akarudi nyumbani, akala ugali wangu, akaniuliza chumvi iko wapi.

Naogopa. Namwogopa mama mkwe, naogopa kuitwa mwanamke aliyekuja kuvunja ukoo. Na Upendo bado nampenda, nisidanganye. Nilipojifungua Glory mkono nilioushika ulikuwa wake.

Lakini Jumapili ni mbali. Uji watoto wanapewa asubuhi na jioni.

Leo nimesajili laini yangu mwenyewe. Namba za wateja zilibaki kule, kichwani nakumbuka nne tu. Nimewatumia sauti hao wanne: unga ule msimpe mtoto, nileteeni niwabadilishie. Watatu wamesikiliza, kimya. Mmoja amejibu, "Mbona leo asubuhi umeutangaza wewe mwenyewe?"



Kesho ni siku ya kupima watoto kliniki, na wateja wangu wengi huwa pale. Nitafika kabla mizani haijatundikwa. Nitawaambia kwa mdomo wangu, wakiniona uso, kwamba unga ule si wangu na usiingie kwenye sufuria. Baba Glory nimeshamwambia kwamba naenda.

Jina la mtu sitalitaja mimi kwanza. Ila wakiniuliza unga ni wa nani, nitawajibu.