Bomba la Uani

Lodwar, Jumamosi

Baba Lokiru,

Ejok? Mimi niko tu, na joto la hapa unalijua.

Wiki iliyopita fundi alikuja kufunga vile vifaa vya kupunguza maji ulivyonunua kabla hujarudi kazini Kakuma. Choo sasa kina vitufe viwili, cha haja ndogo na cha haja kubwa. Shawa inatoa maji membamba. Fundi alisema yanatosha hata kuosha nywele nyingi, kisha akaona kichwa changu, akaanza kukusanya spana zake. Bado nanyoa, ingawa mama yako anasema matanga ya mtoto yamekwisha.

Leo amerudi kukagua. Tangi lililokuwa likiisha kwa siku tatu sasa lina wiki nzima na halijafika nusu. Akafurahi, akasifu vifaa vyake. Nikampa chai. Sikumwambia kwamba aliyekuwa akimaliza maji ni Lokiru, akifungua bomba la uani achezee matope, na mimi nikimfokea.

Fundi alipoondoka nimelifungua mwenyewe, nikaliacha mpaka matope yakajaa. Usinikasirikie kwa maji hayo.

Ni mimi,
Mama Lokiru